Dhamana, Mahakama na Mamlaka ya Dola: Shauri Lililotoka Mara

Wachungaji wanaohudumu katika wilaya za Tarime na Serengeti wanafahamu vema jinsi wizi wa mifugo na ugomvi wa koo unavyoweza kuwaingiza mahabusu wenye hatia pamoja na wasio na hatia. Yafaa basi tukumbuke kwamba shauri mojawapo kubwa katika historia ya Katiba yetu lilianzia mkoani Mara.

Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi waliweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Mwaka 1989 Daudi Pete alishtakiwa katika Mahakama ya Wilaya ya Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Alinyimwa dhamana, kwa maana kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 hakikumwachia hakimu nafasi ya kupima. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikitangaza kifungu hicho kuwa batili. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliitupa rufani hiyo. Haikusema kwamba jamii haina haki ya kujilinda. Ilikiri kwamba Katiba inatambua haki za mtu na za jamii pamoja. Ilichokataa ni sheria pana mno, iliyowakumba hata wasio hatari, tena isiyoweka utaratibu wa kumlinda anayenyimwa uhuru.

Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, Mahakama iyo hiyo ilibatilisha kifungu cha 148(4), kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake. Lakini mwaka 2020, katika shauri la Sanga, ilikataa kubatilisha kifungu cha 148(5). Unyang'anyi wa kutumia silaha ukabaki kosa lisilo na dhamana.

Luther alifundisha kwamba upanga wa dola umetoka kwa Mungu, lakini alikiri pia kwamba una mipaka yake. Mtume Paulo naye alidai haki yake mbele ya Festo (Mdo. 25). Mchungaji amwombeaye aliyeibiwa ng'ombe hana budi kumtembelea pia aliyeko mahabusu, ambaye bado hajahukumiwa.