Uchumi ukidorora, tovuti za wachumba hufurika lakini wanaolipa hupungua

BENKI ya Lehman Brothers ilipoporomoka jijini New York mnamo Septemba 15, 2008 na kuyumbisha masoko ya hisa kote duniani, ilitarajiwa kwamba biashara zinazotegemea anasa zingeumia kwanza. Nyingi ziliumia kweli. Hata hivyo, kampuni za Marekani zinazounganisha wachumba kupitia intaneti zilitangaza kinyume. Match.com, iliyoanza 1995, na eHarmony ya mwaka 2000, zilisema wateja wao waliongezeka katika miezi ile ile ambayo maelfu ya watu walikuwa wakipoteza kazi na nyumba.

Sababu hazikuwa fumbo. Aliyefutwa kazi alikuwa na muda wa kukaa mbele ya kompyuta, na ada ya mwezi mzima haikuzidi sana gharama ya kula na kunywa nje kwa jioni moja. Aliyebaki kazini naye alikuwa na hofu, na mwenye hofu hutamani mtu wa kumliwaza. Maelezo haya lakini yalitoka zaidi kwa kampuni zenyewe, ambazo zilikuwa na bidhaa ya kuuza.

Kujisajili si kulipa. Katika tovuti nyingi mtu huweka picha na maelezo yake bila malipo, kisha hudaiwa fedha anapotaka kuwasiliana na aliyempendeza. Wasio na fedha walikuwa na pa kukimbilia: Plenty of Fish, iliyoanzishwa na Markus Frind nchini Canada mwaka 2003, na OkCupid ya 2004, ambazo hazikuwa zikidai ada ili watu waandikiane. Hizi zilitegemea matangazo, ingawa bajeti ya matangazo nayo hukatwa mapema biashara zinapobanwa. Ushindani huo uliishia mikononi mwa mmiliki mmoja. Match.com ilinunua OkCupid mwaka 2011 kwa dola milioni 50, na mnamo 2015 Match Group, ambayo pia humiliki Tinder, ikatoa dola milioni 575 kwa Plenty of Fish.

Dhiki iliyofuata ilikuwa ya namna nyingine. Mnamo Juni 2022 mfumuko wa bei nchini Marekani ulifika asilimia 9.1. Kazi zilikuwepo, lakini mshahara haukutosha. Biashara yenyewe pia ilikuwa imebadilika, kwani tangu Tinder ianze mwaka 2012 wateja wengi ni vijana wenye simu, na sehemu ya mapato hutokana na manunuzi madogo madogo, kama vile kulipia picha yako ionekane mbele ya wengine kwa nusu saa. Ada ya mwezi huamuliwa mara moja na pengine kusahauliwa. Manunuzi haya huamuliwa upya kila mara, na ndiyo kijana huyaacha kwanza.

Tinder ilipandisha bei nchini Marekani mwaka 2023. Mapato ya Match Group yalifika takriban dola bilioni 3.36 mwaka huo, huku wanaolipa wakipungua hadi karibu milioni 15. Kampuni hiyo ilipunguza wafanyakazi, na mapema 2024 mshindani wake Bumble alitangaza kuondoa watu 350. Hisa za Bumble, zilizouzwa kwa dola 43 mnamo Februari 2021, zilikuwa chini ya dola 10 kufikia Agosti 2024. Si haki kuulaumu uchumi peke yake, kwa sababu vijana wengi walikuwa pia wamechoshwa na programu hizo.

Anayeumia zaidi ni mteja. Mwaka 2022 karibu Wamarekani 70,000 waliripoti kulaghaiwa na wapenzi bandia, wakapoteza dola bilioni 1.3. Naye anayetaka kubana matumizi huenda akagundua kwamba kujiondoa si rahisi kama kujiunga. Tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja iliishtaki Match mwaka 2019, ikidai miongoni mwa mambo mengine kwamba njia ya kusitisha malipo ilifanywa ya kutatanisha. Mnamo Agosti 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 14 na kurahisisha utaratibu wa kujiondoa.