Daftari la Saratani na Watu wa Karagwe

Mtu wa Rubwera, huku kwetu Karagwe, aliyepatwa na uvimbe usiopona katika miaka ya 1950 alikuwa karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam, kwani ng'ambo ya mto Kagera, kwa njia ya Murongo na Kikagati, ndiko ilikoelekea barabara ya kwenda hospitali ya Mulago, ambako mwaka 1951, kwa juhudi za tabibu J. N. P. Davies, lilifunguliwa daftari la saratani lililo miongoni mwa yale ya kwanza barani Afrika. Lakini hesabu ya daftari lile iliwahusu wakazi wa Kampala na viunga vyake. Mgeni kutoka Karagwe, hata akitibiwa, hakuwa katika idadi yao.

Hapo hapo Mulago, mwaka 1957, daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya kwa saratani, na mwaka 1961 yeye pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson wakafunga safari ya gari ya maili takriban 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine, hata ikadhihirika kuwa maradhi yale aghalabu hayaonekani katika nchi za baridi zilizo juu ya futi 5,000, kipimo ambacho sisi wa vilima vya Karagwe twakaa jirani nacho.

Mwaka 1967 Kampala ikapata kituo cha kutibu maradhi hayo kwa dawa, na watoto ambao zamani mauti yao yalikuwa hakika wakaanza kupona. Je, ilijulikanaje kuwa wamepona? Ilijulikana kwa sababu watumishi wa kituo walitumwa vijijini kuwatafuta, nyumba kwa nyumba, miezi na miaka baada ya dawa ya mwisho. Naliona jambo hili kuwa ndilo kubwa kupita yote katika tarehe ya saratani katika Afrika Mashariki, kwani hesabu ya walionusurika haizaliwi wodini: huzaliwa siku ile mtu anapobisha hodi kwa mgonjwa, miaka mitano ikiisha, akamkuta hai au akaonyeshwa kaburi.

Kwetu Tanzania, rejista iliyoanza Muhimbili katika miaka ya 1960 ilitegemea vinyama vilivyopimwa maabara. Hospitali ya Bugando ikafunguliwa Mwanza mwaka 1971, Ocean Road ya Dar es Salaam ikafanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, na wodi yake ya watoto ikahamia Muhimbili mwaka 2011. Vitabu vya hospitali hizo vyaeleza vema nani aliugua, si nani anaishi.

Huko Uingereza, ambako kila mgonjwa hufuatwa hadi mwisho wake, yakadiriwa kuwa nusu ya watu wazima waliougua saratani huishi miaka kumi au zaidi, na watoto zaidi ya 80 katika 100 huvuka mitano. Shirika la Afya Duniani liliazimia mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 walau watoto 60 katika 100 wenye saratani wanusurike ulimwenguni kote. Lakini kwetu, mama wa Rubwera aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi, akarejea migombani kwake asipate nauli ya kurudi kliniki, jalada lake huandikwa kuwa amepotea, awe hai au amefariki, ilhali mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya wa kitongoji wanajua habari yake siku hiyo hiyo wakiulizwa kwa simu.