Kiswahili cha Mwambao na Mwalimu wa Milimani: Habari za Muhuta na Rumonge

Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba mwambao wa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikijua Kiswahili kabla ya kujua ubao na chaki. Wafanyabiashara wa Ujiji walikileta katika karne ya 19, na Wajerumani wa Usumbura wakakitumia katika utawala wao. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, shule zilishika Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kikabaki sokoni, bandarini na katika mitaa ya Waislamu. Hata neno «Umuswahili» likapata kwa Warundi wengi maana ya mtu mjanja asiyeaminika.

Historia hiyo iliigawa lugha bila usawa. Rumonge ni mji wa mawese na wa mashua za Kigoma na Kongo. Mtoto wa hapo hukisikia Kiswahili njiani. Katika komini ya Muhuta, ukiiacha barabara ya ziwani na kupanda milimani, Kirundi chatosha shambani na nyumbani. Huko Kiswahili ni cha darasani.

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mageuzi ya mwaka 2013, yaliyoanzisha elimu ya msingi ya miaka 9, yalikiweka Kiswahili pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Ratiba ikawa moja kwa wote, lakini ratiba haifundishi. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, akakabidhiwa somo hili peke yake mlimani, hana wa kumwuliza ngeli ya neno wala wa kumsahihisha matamshi. Mwaka 2015 maporomoko ya Gitaza yaliikata barabara yake. Mwaka huohuo Muhuta ilitolewa Bujumbura Vijijini ikatiwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Mwaka 2025 ikawekwa katika mkoa wa Bujumbura. Mikoa yabadilika, naye yu palepale na upweke wake.

Na wajuzi hawakuwa mbali. Uasi wa Aprili 1972, uliozuka Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyoufuata, viliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Maelfu walirejea tangu mwaka 2008, na watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Shuleni walikuta Kifaransa, wakaonekana wako nyuma. Ujuzi ambao mwalimu wa Kiswahili aliuhitaji mno ukahesabiwa kuwa upungufu.

Vijana wale sasa ni watu wazima. Yafaa waitwe shuleni, wazungumze na kusoma kwa sauti mbele ya wanafunzi. Yafaa pia walimu wa milimani na wa mwambaoni wakutane kila muhula, wasahihishane na kuazimana vitabu. Hayo hayangoji amri ya wizara. Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.