Kutoka Ngumbaru hadi Chuo Kikuu: Watu Wazima Darasani Kanda ya Ziwa

Elimu ya watu wazima Kanda ya Ziwa iliota mizizi kupitia kazi zao. Mwaka 1968 Serikali, ikisaidiwa na UNESCO, ilianzisha Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Mkulima wa Usukumani alijifunza herufi na hesabu kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa cha uvuvi. Huo ndio uliokuwa ubora wake mkubwa: anayejua kusoma mizani hapunjwi kirahisi siku ya kuuza pamba.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kutangulia kufuta ujinga. Madarasa ya ngumbaru, yaani ya watu wazima wasiojua kusoma, yalifanyika baada ya kazi za shamba, mengine chini ya miti, na mara nyingi mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu. Ili wasomaji wapya wasisahau, gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa Mwanza mwaka 1974.

Novemba mwaka huohuo, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, ilikutana Musoma na kugeuza taratibu za chuo kikuu. Kwa Azimio la Musoma, aliyehitimu kidato cha sita hakuruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Alipaswa kwanza kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi angalau miaka miwili, kisha apate maoni ya mwajiri na ya chama. Mtu mzima mwenye uzoefu wa kazi akawa ndiye mwanafunzi anayetarajiwa.

Nia ilikuwa njema, lakini mzigo haukugawanyika sawa. Baada ya miaka hiyo wanawake wengi walikuwa wameolewa na wana watoto wadogo, na idadi yao chuoni ikashuka. Baadaye wakaruhusiwa kuingia chuoni moja kwa moja kutoka shuleni, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukalegezwa.

Nyegezi, nje kidogo ya mji wa Mwanza, kulikuwa na njia nyingine ya elimu ya juu. Kituo cha mafunzo ya jamii alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960 kilikua, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino.

Hata hivyo, mwenye familia na ajira hawezi kuhamia chuoni kirahisi. Kikwazo hicho kilipunguzwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kupitia kituo chake cha Mwanza, mwalimu au muuguzi husoma shahada akiwa kazini, na kuhudhuria masomo ya ana kwa ana na mitihani kwa vipindi.