Je, Kama Carrie Buck Angekuwa na Ulemavu Kweli?

Mwaka 1924, jimbo la Virginia, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu wa taasisi za serikali walioitwa punguani au waliokuwa na kifafa. Wakuu walitaka kesi ya kuipima sheria hiyo mahakamani. Wakamchagua Carrie Buck, msichana wa miaka 18.

Carrie alilelewa na familia ya watu huko Charlottesville. Walimtoa shule baada ya darasa la sita, akawa wa kazi za nyumbani. Kisha akapata mimba. Mwenyewe alisema alibakwa na mpwa wa hao waliomlea. Mpwa hakushtakiwa. Aliyepelekwa kwa hakimu ni Carrie, eti akili yake ina kasoro. Alipojifungua, akafungiwa katika kituo karibu na Lynchburg, alikokuwa mama yake tayari.

Mimba ile ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Wakili wake, ambaye aliwahi kukaa kwenye bodi ya kituo hichohicho, hakuita shahidi hata mmoja. Mei 1927, Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 8 dhidi ya 1: akatwe. Oktoba akakatwa.

Mdogo wake, Doris, alifanyiwa vivyo hivyo mwaka 1928. Yeye aliambiwa ni operesheni ya apendiksi. Aliolewa, akatafuta mtoto miaka nenda miaka rudi. Ukweli aliujua baada ya zaidi ya miaka 50.

Siku hizi kisa hiki husimuliwa hivi: masikini Carrie, kumbe akili yake ilikuwa sawa! Ni kweli, alikuwa sawa. Lakini hebu tuulize, kama angekuwa na ulemavu kweli, basi ingekuwa halali? Virginia iliwafunga uzazi watu kama 8,000, na Marekani nzima zaidi ya 60,000. Kati yao walikuwemo wanawake wenye ulemavu kweli, na majina yao hatuyajui. Huruma yetu ikimfikia Carrie peke yake, bado tunakubaliana na majaji wale.

Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Mkataba huo unalinda uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine, na hauulizi kwanza akili ya mtu ni ya kiwango gani. Kwa hivyo ukisikia jamaa au daktari akisema "ni kwa faida yake," muulize: yeye mwenyewe amesemaje?