Mostar: Mji uliokaa miaka 12 bila kuchagua madiwani

MJI wa Mostar, kusini mwa Bosnia na Herzegovina, ulichagua madiwani wake Oktoba 2008 na haukuwachagua tena hadi Desemba 20, 2020. Katika muda huo miji mingine ya nchi hiyo ilipiga kura za serikali za mitaa mwaka 2012, 2016 na 2020. Wakazi wa Mostar, ambao ni zaidi kidogo ya 100,000, waliendelea kuchagua wabunge kama raia wengine, lakini tangu mwishoni mwa 2012 hawakuwa na halmashauri.

Chanzo ni vita vya 1992 hadi 1995. Wakroati, wengi wao Wakatoliki, na Wabosniak, ambao ni Waislamu, walianza vita wakiwa upande mmoja dhidi ya majeshi ya Waserbia, kisha mwaka 1993 wakageukiana ndani ya mji huo huo. Novemba 9 mwaka huo mizinga ya Wakroati iliangusha Daraja la Kale juu ya mto Neretva, lililojengwa na Waturuki katika karne ya 16. Daraja lilijengwa upya na kufunguliwa Julai 2004. Watu hawakurudi katika mchanganyiko wao wa zamani kwa wepesi huo: Wakroati wengi wanaishi magharibi, Wabosniak wengi mashariki, na Waserbia wengi walihama.

Baada ya vita mji uligawanywa katika manispaa sita, tatu kila upande, pamoja na eneo dogo la kati. Mapema 2004 Mwakilishi Mkuu wa jumuiya ya kimataifa, Paddy Ashdown wa Uingereza, alizifuta manispaa hizo na kuamuru mji uwe na halmashauri moja ya madiwani 35. Ili kundi moja lisilimeze jingine, iliwekwa hesabu kali. Hakuna kundi ambalo lingepata zaidi ya viti 15, na kila moja kati ya makabila makuu matatu lingekuwa na viti visivyopungua vinne. Meya angechaguliwa na madiwani, si na wananchi moja kwa moja.

Hesabu hiyo ilizuia ubabe, lakini ilizaa mkwamo. Baada ya uchaguzi wa 2008 madiwani walishindwa kumpata meya kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Pigo kubwa lilikuja Novemba 2010, pale Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipobatilisha sehemu ya sheria ya uchaguzi. Kila moja ya manispaa sita za zamani, sasa zikiitwa maeneo ya mji, ilikuwa ikitoa madiwani watatu, hata kama idadi ya wapiga kura ilitofautiana sana. Wakazi wa eneo la kati hawakuwa na diwani wa eneo lao kabisa. Hukumu ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba kazi ya kuandika kanuni mpya iliachiwa Bunge, yaani vyama vile vile vilivyokuwa na cha kupoteza.

Kwa sensa ya 2013, Wakroati walikuwa takriban asilimia 48 ya wakazi wa Mostar na Wabosniak asilimia 44. Wabosniak walihofu kwamba kura zikihesabiwa bila vizuizi, mji utakuwa mali ya wenzao. Wakroati nao, ambao ni wachache kuliko makabila mengine mawili katika nchi nzima, waliiona Mostar kuwa mji mkubwa pekee ambamo wanaongoza. Kila upande ulikuwa na hofu ya kweli, na viongozi wa kila upande walinufaika na hofu hiyo.

Muda wa halmashauri ulipokwisha mwaka 2012, meya Ljubo Bešlić alibaki ofisini akiendesha mji na kupanga matumizi ya fedha za umma bila diwani wa kumhoji. Mji haukufa, maji yalitoka bombani na watalii walimiminika kutazama daraja. Lakini mkazi aliyekerwa na rundo la taka mtaani hakuwa na mwakilishi wa kumwendea, wala siku ya kumwadhibu kwa kura.

Aliyevunja ukimya ni Irma Baralija, mwanasiasa wa hapo mjini, aliyeishtaki nchi yake katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 29, 2019 mahakama hiyo ilisema amebaguliwa kwa sababu ya mahali anapoishi, na kuitaka Bosnia irekebishe sheria ndani ya miezi sita baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Juni 2020 viongozi wa vyama vikuu, Dragan Čović wa Wakroati na Bakir Izetbegović wa Wabosniak, walitia saini makubaliano, na Julai Bunge likapitisha marekebisho.

Katika kura ya Desemba chama cha HDZ cha Wakroati kilipata viti 13, muungano ulioongozwa na SDA ya Wabosniak viti 11, na kambi isiyojinadi kwa ukabila viti 6. Februari 2021 madiwani walimchagua Mario Kordić wa HDZ kuwa meya. Ukomo wa viti kwa kila kabila haukuondolewa.