Kanzidata Kongwe Katika Seva Mpya

Wayne Ratliff, mhandisi wa Jet Propulsion Laboratory huko California, alitunga mwishoni mwa miaka ya 1970 programu ya kutunza kumbukumbu aliyoiita Vulcan, akikusudia kushinda mchezo wa kubahatisha matokeo ya kandanda ya Kimarekani kazini kwake. Lakini kampuni ya Ashton-Tate ilipoitwaa na kuiuza kwa jina la dBASE II, majedwali yake ya DBF yakaenea madukani na katika afisi za wahasibu, wakafuata warithi wake Clipper na FoxPro, na mwaka 1992 Microsoft ikainunua kampuni ya FoxPro na kutoa Access yake.

Kanzidata hizi, pamoja na tafauti zao, zilikuwa na tabia moja iliyo asili ya mashaka yote yaliyofuata, nayo ni kwamba seva haikuwa na ilimu yoyote ya yaliyomo ndani ya faili: iliihifadhi tu kama amana, na kila kompyuta ya karani ikaja yenyewe kufungua, kusoma, kufunga safu na kuandika. Kichwa cha faili ya DBF hubeba idadi ya safu. Basi karani mmoja akiongeza safu ilhali mwenziwe angali anashika nakala ya kichwa cha zamani, idadi na urefu wa faili hukhitalifiana, na faharasa huelekeza kwenye safu zisizokuwapo.

Watengenezaji wa seva, kwa kutaka kupunguza safari za mtandaoni, walikuwa wameweka idhini iitwayo oploki, ambayo kwayo kompyuta ya kwanza huruhusiwa kukaa na nakala ya faili mpaka itokee ya pili, ndipo iamriwe kurudisha kila ilichokiandika. Hila nzuri kwa barua na picha, ila kwa daftari la ushirika, iwapo amri hiyo itachelewa au waya utakatika, ni balaa. Mafundi wengi walibadili diski na nyaya, wakajenga upya faharasa kila asubuhi, wakailaani programu kwa uzee wake, ilhali faili ile ile ilikuwa imekaa salama miaka mingi katika seva duni zaidi. Walioitambua ilati waliizima oploki katika rejista ya Windows. Na Samba, seva ya watu wa Linux, iliwawezesha kuzinyima idhini hiyo faili za DBF na za MDB za Access peke yake.

Dawa hiyo ya rejista ilibatilika ilipokuja Windows Vista na itifaki ya kugawana faili iitwayo SMB2, ambayo oploki zake hazizimiki kwa ufunguo ule wa zamani, na ambayo kompyuta zake hukumbuka habari za faili kwa muda wa sekunde 10, muda mrefu mno kwa makarani wawili wanaoandika pamoja. Wengi wakarudi kwenye SMB1 ya zamani, hata mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipopenya kupitia udhaifu wa itifaki hiyo, na Windows 10 mpya za mwaka huo zikaacha kuiweka. Mwaka 2018 Access nayo ikaanza kulalamika kuwa faili zake zimevurugika, na Microsoft yenyewe ikashauri kuzima katika seva ukodishaji wa nakala (leasing), ambao ni oploki kwa sura mpya.

Msaada wa Visual FoxPro ulikoma Januari 2015, na wenye uwezo wamehamishia majedwali yao katika SQL Server. Wasiokuwa nao huwaingiza makarani wote katika kompyuta moja kwa njia ya mbali, faili ikafunguliwa pale pale ilipo, bila nakala yoyote kusafiri.